Mtumbwi Uliozaliwa Bila Fundi

Macho yangu yamestaafu kabla yangu. Daktari wa Bujumbura alinisimamisha mbele ya ubao wa herufi, nikamsomea mistari mitatu, akasema miwili iliyobaki nisihangaike kuitafuta tena, hasa kwenye kioo cha kompyuta. Ndiyo maana nimeacha kazi nikiwa na miaka arobaini na sita, umri ambao Nadège na wenzake ofisini wanauona ni uzee na mama yangu anauona ni uvivu. Wamenipa saa ya ukutani, kana kwamba aliyeacha kazi ndiye anayehitaji kujua saa. Wakaniomba pia niwaachie maandishi kidogo juu ya kazi. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa kilekile cha kwanza kwa jina refu zaidi. Nitawaeleza kosa langu kubwa, kwa sababu ndilo jambo pekee la kazini ambalo nina hakika nililifanya peke yangu.

Nilifika Rumonge, mji wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, nikiwa na miaka ishirini na saba, katika miaka ya mwisho ya vita. Wakubwa walikuwa wameshatia saini karatasi kadhaa za amani, lakini kule Kabezi, njiani kutoka Bujumbura, karatasi hizo zilikuwa hazijafika. Barabara ilifunguliwa saa mbili asubuhi, askari wakishaitembea yote. Abiria wa basi walibishana kwa sauti juu ya nani anauza ndagala safi, yaani dagaa wa ziwa hili, wakanyamaza wote tulipokaribia Kabezi, na tulipopita salama wakaendelea na ubishi uleule kutoka pale walipouachia. Hakuna aliyesahau zamu ya nani ilikuwa ya kusema.

Ofisi ilikuwa ya mradi wa kuandikisha mitumbwi, nao mradi wenyewe haupo tena, ofisi tu ndiyo iliyobaki, kwa hiyo msiutafute. Chumba kimoja, upande wa kwenda Kigwena, hatua chache kutoka mchangani. Juu ya meza kulikuwa na vitabu vitatu vikubwa, na mkuu wetu, Shefu Sylvestre, akanieleza kwamba kila mtumbwi unaandikwa mara tatu.

"Kwa nini mara tatu, Shefu?"

"Kimoja cha kwetu, kimoja cha askari, kimoja cha mvua."

Nilidhani ananitania. Kisha nikaona kile cha juu kabisa kimelowa na kuvimba, na juu yake, kwenye bati, kuna tundu. Kitabu kilikuwa kinafanya kazi yake.

Niliuliza "kwa nini" mara nyingi sana wiki ile ya kwanza. Kwa nini mihuri miwili? Kwa nini foleni ya wanawake iko juani? Kwa nini nahodha anaandika jina la babu yake? Chuo kikuu kilikuwa kimenifundisha kutokuamini kitu mpaka nikihoji, na kwa bahati mbaya hakikunifundisha kunyamaza. Ijumaa ilipofika, ufukwe mzima ulikuwa unaniita Mademwazeli Kwa Nini.

Swali moja lilikuwa na jibu zito. Kwa nini tunaandikisha mitumbwi? Kwa sababu watu na bunduki walikuwa wanavuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Mitumbwi ilitoka jioni kuvua, na kila asubuhi askari mmoja alitembea ufukweni na orodha, akisoma majina ubavuni na kutia alama. Mtumbwi ambao haukuonekana asubuhi tatu mfululizo ulihesabiwa kuwa umekwenda kufanya kazi nyingine, na mtu wake alipaswa kujibu.

Mimi niliajiriwa kuiondoa ile orodha vitabuni na kuiweka kwenye kompyuta. Kompyuta zilikuwa mbili, zimeunganishwa kwa waya mmoja wa bluu, na jenereta moja iliyokohoa kabla ya kuwaka. Intaneti haikuwapo. Nilikuwa na diski niliyoichoma Bujumbura, na ndani yake kiunzi cha wavuti, kitu kipya kabisa wakati ule. Kwa msomaji asiye wa kazi yetu: kiunzi ni vipande vya programu ambavyo wengine wameshavichonga, nawe unaviunga tu, kama fundi aliyenunua mbao zilizokwisha pasuliwa. Unakiambia nataka jedwali la mitumbwi, lenye jina, mwenye mtumbwi na nahodha, nacho kinakutengenezea kurasa za kuandika, kutafuta na kurekebisha. Kinakuuliza jambo moja tu la maana: kati ya safu hizi, ipi ni ufunguo mkuu? Yaani ipi itakayoiambia mashine kwamba mtumbwi huu ni huu na si mwingine. Ukinyamaza, kinatoa namba chenyewe, moja, mbili, tatu. Lakini mimi, kama mlivyokwisha sikia, sikujua kunyamaza. Nilijibu: jina.

Namba niliziona ni za watu wasiojua mitumbwi yao. Jina lilikuwa zuri. Anwani ya ukurasa wa kila mtumbwi ilimalizika kwa jina lake, na mtu aliweza kuisoma na kuelewa. Nilijipongeza sana.

Nyuma ya ofisi alikuwa anaunda mitumbwi Fundi Kashindi, mtu wa Kivu ya Kusini aliyevuka ziwa na nyundo yake na ulimi wake. Alikuja kuchaji simu kwenye jenereta yetu, na alipokuwa akingoja alitazama kioo changu.

"Mademwazeli, hii mashine inajuaje mutumbwi?"

"Kwa jina."

"Kwa nini jina?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi swali langu mwenyewe. Nikamweleza, kwa upole wa mwenye shahada, kwamba jina limeandikwa ubavuni, kila mtu analiona, na halifanani na jingine.

"Jina iko ya mwenye kupaka rangi," akasema. "Leo anapaka hivi, kesho samaki inakosa, anapaka vingine. Miye kila mutumbwi yangu iko na namba. Nimechoma na chuma ya moto, ndani, chini ya mbao ya kukalia. Ile hawapakagi."

"Na mitumbwi ya mafundi wengine?"

"Wale si mafundi."

"Lakini namba haimwambii mtu chochote, Fundi."

Alichomoa simu yake kabla haijajaa, akaenda zake. Nilidhani nimemshinda.

Shida ndogo ilikuwapo, na ilipaswa kunizindua. Ufunguo haukubali jina lilelile mara mbili, na mitumbwi miwili ilikuwa na jina la Mungu Yupo. Mwenye wa kwanza alisema ameandikisha mapema. Mwenye wa pili alisema Mungu hakai kwenye mtumbwi wa mtu mmoja. Walibishana mbele yangu saa nzima, mpaka wa pili akakubali kuandika Mungu Yupo Pia. Wiki iliyofuata akaja wa tatu, kutoka Gatete, na huyo nikamwambia achague jina lisilo na Mungu. Mtumbwi wake akauita Mademwazeli Kakataa, na ndivyo ulivyoingia kwenye orodha rasmi ya nchi, kwa muhuri wangu.

Orodha ya kwanza iliyochapwa niliipeleka mwenyewe kwa luteni aliyesimamia askari wa ufukweni. Alikuwa kijana wa milimani, mwenye adabu, aliyekuwa akitembea mbali na maji kana kwamba yanaweza kumwita. Aliuliza kama orodha ya mashine inaaminika kuliko vitabu vya Shefu.

"Luteni," nikasema, na maneno haya ningelipa chochote niwe sikuyasema, "vitabu vina ndugu na marafiki. Mashine haina ndugu. Haidanganyi."

"Murakoze," akanishukuru, akaandika jambo hilo kwenye daftari lake.

Mfumo ulikuwa na wiki tano Mama Ashura alipoingia ofisini Jumatatu asubuhi, vidole vyake vikiwa na rangi ya kijani mbichi. Alikuwa mjane wa Rumonge mjini, mwenye mtumbwi mmoja, na mdogo wake Idi ndiye aliyekuwa nahodha. Mtumbwi uliitwa Tumaini. Miezi miwili ulikuwa ukirudi na maji na mawe, wavu umechanika mara mbili, na majirani walishaanza kueleza kwa nini, kila mmoja na maelezo yake.

"Nimebadilisha jina," akasema. "Sasa unaitwa Sitaki Maneno. Nimekuja uandike, mwanangu, nisije kuonekana mjanja."

Nilimsifu mbele ya foleni yote. Ndiye alikuwa wa kwanza kuja kwa hiari yake kurekebisha jina. Nikafungua ukurasa wa Tumaini, nikafuta Tumaini, nikaandika Sitaki Maneno, nikabonyeza hifadhi. Ukurasa ukaandika: Imehifadhiwa. Mama Ashura akasema alhamdulilahi. Mchana nikachapa orodha mpya, nikagonga muhuri bila kuisoma, nikaipeleka kwa askari.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilimkuta Mama Ashura amekaa kwenye ngazi ya ofisi.

"Wamemchukua Idi."

"Nani?"

"Askari. Wanasema Tumaini haujarudi siku tatu. Wanataka aseme ameupeleka wapi, na umebeba nani."

"Lakini Tumaini ndio Sitaki Maneno."

"Mimi najua. Weye unajua. Samaki wanajua. Ni hiyo karatasi yako ndiyo haijui."

Walimkamata Idi akiwa amekaa ndani ya mtumbwi uleule waliokuwa wakiutafuta. Aliwaambia hivyo. Nao, askari wapya wa milimani, walimwonyesha orodha: Sitaki Maneno huu hapa, Tumaini huu hapa, mwenye mtumbwi ni yuleyule, nahodha ni yuleyule. Mtu ana mitumbwi miwili na anaonyesha mmoja. Wakauvuta Sitaki Maneno mpaka mbele ya kambi na kuufunga kwa mnyororo. Jumamosi asubuhi lori lingekwenda Bujumbura na watu wa kuhojiwa, na Idi alikuwa kati yao. Waliopanda lori hilo, wengine walirudi baada ya wiki, wengine baada ya mwaka. Mmoja, mvuvi mwingine wa Gatete, hakuwa amerudi, na mkewe alikuwa bado anauliza yuko wapi.

Niliwasha jenereta, nikafungua jedwali. Mistari miwili. Tumaini, Mama Ashura, Idi. Sitaki Maneno, Mama Ashura, Idi. Nilikaa nikiitazama, na polepole nikaelewa nilichokifanya, jambo ambalo leo Nadège na wenzake wanaweza kulijaribu kwa dakika moja na sijui kwa nini hawalijaribu. Kiunzi kile, ukikiambia hifadhi, hakiulizi ulikuwa umefungua ukurasa gani. Kinauliza tu: kuna mstari wenye ufunguo huu? Ukiwapo, kinaurekebisha. Usipokuwapo, kinaandika mpya. Kwake yeye, Sitaki Maneno hakuwa Tumaini aliyebadilisha nguo. Alikuwa mgeni aliyeingia mlangoni, na Tumaini alibaki amekaa palepale alipokuwa.

Shefu alikuja kusimama nyuma yangu. Alisikiliza maelezo yangu yote, akatikisa kichwa.

"Futa," akasema. "Si una kitufe cha kufuta? Bonyeza, kwisha."

"Kwa nini nifute, Shefu? Wao wanayo karatasi, ina muhuri wangu. Nikifuta leo, kesho wataona mtumbwi umepotea ziwani halafu umepotea na kwenye mashine. Watamuuliza nani?"

Alifikiri. "Watakuuliza weye," akasema. Kisha akaongeza, "Na mimi." Akaenda kuleta mwavuli wake, ingawa mvua haikuwapo, na tukaondoka pamoja kwenda kambini.

Luteni alitupokea vizuri. Nilimweleza. Alifungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa kadhaa.

"Mademwazeli, ni wewe uliyesema mashine haina ndugu."

"Ni mimi."

"Na kwamba haidanganyi."

"Nilisema."

"Sasa unaniambia imedanganya, na imedanganya siku ileile ambayo mtu wenu amekamatwa. Kama ungekuwa mimi, ungeamini?"

Mimi, ambaye sikuamini kitu, nilimjibu kwa haki. "Hapana. Ningetaka kuona."

Ijumaa saa tatu akaja ofisini na askari mmoja. Mama Ashura alikuwapo, na Kashindi naye alikuwapo, amekuja na simu yake, ingawa ilikuwa imejaa chaji. Jenereta ilikuwa na mafuta ya muda mfupi. Nilimkalisha Luteni kwenye kiti changu.

"Chagua mtumbwi wowote," nikamwambia. "Mimi sitagusa kitu."

Alichagua Jirani Lala, kwa sababu ulimchekesha.

"Badilisha jina."

"Niandike nini?"

"Chochote."

Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mchele. Akaandika Luteni. Akabonyeza hifadhi. Imehifadhiwa.

"Sasa fungua orodha yote."

Aliifungua, akashuka nayo. Jirani Lala ulikuwapo. Mistari michache chini yake, pia ulikuwapo mtumbwi mpya uitwao Luteni, na mwenye na nahodha walewale wa Jirani Lala.

Kashindi aliinama mbele ya kioo. "Angalia," akasema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa moyo na kazi mbaya. "Mutumbwi imezaliwa bila fundi."

"Na kesho asubuhi," nikasema, "askari wako atatembea ufukwe mzima, na Luteni hataonekana. Wala kesho kutwa. Siku ya tatu mtaanza kumtafuta."

Yule askari alijifanya anakohoa. Luteni aliendelea kutazama kioo. Kisha akageuka kwa Kashindi.

"Weye ni nani?"

"Miye nimeunda ile mutumbwi ya mama huyu. Iko na namba kumi na saba, chini ya mbao ya kukalia. Kama iko mbili, unionyeshe ile ingine yenye kumi na saba, nikubali nimelewa siku ile."

Tukashuka mchangani sote. Mtumbwi ulikuwa pale umefungwa mnyororo. Kashindi akaingia, akainua ubao, na Luteni, ambaye nadhani hakuwahi kuingia kwenye mtumbwi hata uliokauka, alishika ukingo kwa mikono miwili na kuinama. Kumi na saba ilikuwapo, nyeusi, imezama kwenye ubao. Kashindi akatoa daftari lake lenye madoa ya mafuta ya mawese na mikunjo, na humo ilikuwa imeandikwa kumi na saba, Mama Ashura. Kisha, bila kuombwa, akakwangua kijani cha ubavuni kwa kucha. Chini ya Sitaki Maneno likatokea Tumaini. Chini ya Tumaini likatokea jina jingine la zamani, nalo Mama Ashura akasema lisisomwe, lilitungwa na marehemu mume wake kumsema mama mkwe wake.

"Naamini," akasema Luteni. Tukapumua. "Lakini jana niliripoti Bujumbura kwa redio kwamba mtumbwi uitwao Tumaini umepotea. Redio haina kitufe cha kufuta. Nikisema leo kwamba haukuwahi kupotea, wataniuliza kwa nini nilisema umepotea. Nikisema ni kosa la mashine, watataka mtu wa mashine aje kuwaeleza." Akanitazama. "Kwa lori."

Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho Idi alikuwa amekielewa tangu jana.

"Basi na urudi," akasema Mama Ashura.

"Nini kirudi, mama?"

"Tumaini. Si umeripoti umepotea? Uripoti umerudi. Urudi leo leo, kabla ya alasiri. Rangi ninayo."

Luteni alifunga daftari lake. Kisha akasema ana kazi, na kwamba atapita kukagua ufukwe saa kumi kamili kama kawaida, akitokea upande wa kaskazini. Alisisitiza kaskazini.

Mama Ashura alipaka mwenyewe. Ubavu wa kusini aliuacha Sitaki Maneno. Ubavu wa kaskazini akaandika Tumaini, kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo. Kashindi alisimama pembeni akimwambia herufi zinapanda mlima. Mama Ashura alimjibu, "Wewe kachome namba zako huko chini, hakuna anayeziona."

Saa kumi Luteni akaja na orodha. Akasimama kaskazini, akasoma kwa sauti, "Tumaini," akaandika: umerudi. Akatembea mpaka kichwani mwa mtumbwi, na pale ambapo mtu angeona pande zote mbili kwa mara moja, akageuza uso akatazama ziwa kwa makini sana, kana kwamba kuna kitu Kongo. Akazunguka. Akasoma, "Sitaki Maneno," akaandika: upo. Kisha akamwambia askari afungue mnyororo, na amlete nahodha.

Idi alitoka bila mkanda wala viatu, amekonda kwa siku moja kama mtu aliyefunga mwezi. Aliuendea mtumbwi, akasoma upande mmoja, akazunguka, akasoma wa pili. Akazunguka tena.

"Sasa mimi nilifungwa kwa ajili ya upi?"

"Kwa ajili ya huyu," akasema Mama Ashura, akininyooshea kidole chenye rangi.

Nilisimama pale na shahada yangu yote. Nikamwambia, "Kosa ni langu, kaka Idi. Nisamehe."

Alinitazama tangu kichwani mpaka miguuni. "Dada," akasema, "kwenye mashine yako, leo mimi niko wangapi?"

"Wawili."

"Basi mmoja aende kulala. Huyu mwingine ana njaa."

Jumamosi lori liliondoka. Sikwenda kulitazama. Nilikuwa ofisini tangu asubuhi, na Jumapili vilevile, nikibomoa jedwali langu zuri. Nilikwenda kwanza kwa Kashindi kumwomba namba zake. Alifurahi kwa muda mfupi, kisha mimi, kwa sababu siwezi kujizuia, nikamuuliza: na mitumbwi ya wale wasio mafundi? Na siku fundi mwingine akianza naye kuhesabu kutoka moja? Akakuna kidevu. Tukakubaliana kwamba mashine itatoa namba yake yenyewe, ile ile ambayo ilitaka kuitoa tangu mwanzo kama nisingeidakia, na yeye atapita mtumbwi kwa mtumbwi kuichoma chini ya ubao wa kukalia. Jina likawa safu tu kama safu nyingine, mtu alibadilishe kila mwezi akipenda. Siku hiyo hiyo nikamrudishia yule mtu wa Gatete Mungu wake, lakini alikataa. Alisema Mademwazeli Kakataa umempa samaki.

Mama Ashura alikuja kuona chuma cha moto kikiingia kwenye ubao wake mara ya pili.

"Hii namba maana yake nini?"

"Haina maana yoyote, mama."

"Basi hakuna mtu atakayetaka kuibadilisha," akasema, akaenda kuanika ndagala. Nimesoma vitabu vingi vya kazi yetu tangu hapo, na sura nzima za vitabu hivyo zinajaribu kusema jambo hilo.

Luteni alihamishwa miezi michache baadaye. Alikuja kuaga, akaomba kuona kama mtumbwi wake bado uko kwenye orodha. Nilimwambia nimeufuta. Nadhani alisikitika kidogo. Kashindi alivuka kurudi kwao vita vilipotulia, akaniachia chuma chake cha kuchomea, ambacho hakina namba yoyote na ambacho nimekitumia miaka yote kuzuia mlango. Idi, kila alipopita mbele ya dirisha langu, hata miaka mingi baadaye, hata nikiwa na mgeni mkubwa kutoka wizarani, alipiga kelele, "Dada! Leo niko wangapi?" Nami nilitafuta kweli, kila mara, kabla ya kumjibu, "Mmoja." Sikuwahi kumjibu bila kutafuta.

Sasa nifike kwenye siku ya kuniaga, ya keki na ile saa ya ukutani. Nadège alitaka kunionyesha mfumo mpya wa mitumbwi ambao yeye na wenzake wameuandika upya wote, kwenye intaneti, wenye picha na ramani. Ni mzuri kuliko wangu mara mia, nalisema bila wivu mwingi. Wakati tunakula keki akaingia Idi, ndevu nyeupe, mtumbwi mwingine, Mama Ashura alishafariki. Amekuja kubadilisha jina, kutoka Kijana hadi Bado Nipo, kwa sababu wajukuu wanamcheka. Nadège akafungua ukurasa, akafuta, akaandika, akabonyeza. Niliona anwani ya ukurasa juu ya kioo, hata kwa macho haya. Ilimalizika kwa jina la mtumbwi.

"Nadège," nikamuuliza, "ile safu ya namba iko wapi?"

"Tuliiondoa, shangazi. Haikuwa na maana yoyote."

Idi alikuwa ameinama juu ya bega lake, kwa mazoea tu, bila kujua tunazungumza nini. "Dada," akasema, "leo niko wangapi?"

Nadège akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwomba afungue orodha yote, nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, nikashuka nayo mstari kwa mstari. Kijana ulikuwapo. Bado Nipo ulikuwapo.

"Wawili," nikasema.

Idi alijinyoosha kutoka begani mwa Nadège. Kisha akaichukua ile saa iliyokuwa kwapani mwangu, akaiweka juu ya meza, akanivutia kiti.

"Kaa, dada," akasema. "Miye siondoki hapa mpaka niwe mmoja."